Kitufe cha Kuhifadhi Kimekwenda Wapi?

Jumatatu, 3 Novemba

Huu ni mwaka wa tatu tangu niage nyumbani. Niliondoka mke wangu akiwa na mimba changa, nikamwambia mtoto hataota meno kabla sijarudi. Mtoto sasa anauma wenzake. Mke wangu anasema mtoto kila akiona simu anasimama wima na kuiamkia: shikamoo baba. Iwe ya jirani, iwe ya muuza mkaa, simu zote ni baba. Nikisimuliwa nacheka. Kisha nakata simu. Kisha sicheki.

Ila mwaka huu naenda. Nimeshapanga. Katika bohari yetu ya vigae na vyoo, Desemba ni mwezi wa kuhesabu mali yote, kwa hiyo Tajiri anaruhusu mtu mmoja tu kwenda likizo. Barua itakayotangulia mezani kwake ndiyo inayoshinda. Mwaka jana Twiga alinitangulia. Twiga ndiye dereva wetu wa foklifti, na kwa miguu ile mirefu, akiamua tu kwenda mahali ameshafika. Mwaka huu hafiki! Barua zote huchapwa kwenye kompyuta ya bohari, na mwenye kompyuta ya bohari ni mimi.

Tunaiita Bibi. Akiamka anakohoa. Kumwasha unatumia njiti ya kiberiti, halafu unampiga kofi la ubavuni. Si juu, si chini, pale pale. Hapo pale pale ninapajua peke yangu. Nilikuja hapa kubeba vigae kwa mgongo. Kofi hilo ndilo lililonipa kiti. Shule niliiacha njiani, lakini nani amewahi kuulizwa cheti cha kofi?

Mpango ni huu: barua yangu iko tumboni mwa Bibi tangu Julai. Siku Tajiri akitangaza, nachapa yangu. Ikifika zamu ya Twiga, printa itaugua.

Saa ya chai Tajiri akatukusanya. Nikajiweka sawa. Hakutangaza likizo! Bibi anaondolewa! Kazi zote zinahamia mtandaoni. Mali, barua, maombi ya likizo, kila mtu ataandika kwa simu yake, popote alipo. Hakuna kuchapa. Hakuna printa. Nikauliza, na mimi je? Akasema na wewe una simu. Twiga akaniangalia kutoka huko juu aliko, akasema ajali kazini, Profesa. Ndivyo wanavyoniita tangu nikalie kiti cha Bibi.

Sikuimaliza chai.

Jumanne, 4 Novemba

Amefika binti kutoka makao makuu kutufundisha mambo ya mtandaoni. Wote tunamwita Mwalimu. Rika la mpwa wangu, na ananiita mzee. Mzee! Hizi mvi ni vumbi la saruji.

Akataka kuona ndani ya Bibi. Nikampiga Bibi kofi, akaamka. Mwalimu akashtuka, akarudi nyuma. Akasoma majina ya mafaili yangu kwa sauti: Bohari. Bohari Mpya. Bohari Mpya ya Kweli. Bohari ya Mwisho. Bohari ya Mwisho Kabisa Usiguse. Akauliza lipi ndilo lenyewe. Nikamweleza inategemea. Akija mteja tunafungua Mpya ya Kweli. Akija mkaguzi tunafungua Usiguse. Kisha akauliza, taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa, na je, mzee wangu, vyoo vilivyopo kweli viko kwenye faili gani? Nikamwambia vyoo vilivyopo kweli viko kule nyuma, twende nikakuonyeshe.

Akasema mtandaoni faili litakuwa moja. Wote tunaliona, wote tunaandika humo humo kwa wakati mmoja. Nikamwuliza, kama sufuria moja na vijiko vya watu wote ndani? Akasema hasa! Alidhani nimesifu.

Hapo nikapata wazo. Bibi bila waya wa umeme ni sanduku tu. Asipowaka, hahamishiki. Asipohamishika, Mwalimu atachoka, atarudi kwao, na Desemba itanikuta nimekaa na printa yangu. Watu walipokwenda kula nikauchomoa waya, nikauzika ndani ya boksi la choo cheupe, safu ya nyuma, nikalifunga kwa gundi.

Leo nimekula vizuri.

Jumatano, 5 Novemba

Msiba! Mwalimu hakuuliza waya hata kidogo. Nikangoja. Nikapita mbele yake. Nikakohoa. Mwisho nikamwuliza mwenyewe: Bibi hamhitaji tena? Akafungua kiganja, akanionyesha kidubwasha kama ukucha. Eti Bibi mzima yumo humo! Alimhamisha jana nilipokwenda kunywa chai. Miaka yote hii namtandika makofi, kumbe anaenea kwenye mfuko wa shati!

Mbio kwenda kuutoa waya kabla haujaulizwa. Boksi halipo. Twiga alilipakia asubuhi pamoja na mengine. Mchana mteja akarudi na choo kwenye mkokoteni, akafoka mbele ya kadamnasi kwamba yeye alinunua choo cha kuvuta maji, hakununua cha kuchomeka ukutani. Tajiri akautazama waya. Akanitazama mimi. Nikasema panya wa humu jamani wamezidi. Twiga akasema kweli wamezidi, mpaka wanajua kufunga boksi kwa gundi.

Choo chenyewe nimekibeba mimi kukirudisha safu ya nyuma. Kwa mgongo. Mgongo umenikumbuka.

Ijumaa, 7 Novemba

Kila mmoja kapewa akaunti yake na picha yake. Chochote utakachokiandika, uso wako unasimama kando yake kama shahidi. Mwalimu alitupiga picha getini. Mimi kanipata katikati ya chafya. Nikamwomba arudie. Akasema inatosha mzee wangu, unatambulika.

Ofisini imeletwa kompyuta mpya, nyembamba kama sahani. Nilijaribu kuipiga kofi kidogo, la salamu tu. Mwalimu akapiga kelele.

Kisha Tajiri akasema ukurasa wa likizo uko wazi, wa kwanza kuandika ndiye wa kwanza, atapitisha Jumatano. Hajafunga mdomo, Twiga ameshaandika! Alikuwa juu ya foklifti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu, boksi la masinki likiwa hewani! Mimi nilikuwa bado naitafuta herufi L. Kwenye kibodi ya Bibi herufi nilizijua kwa majeraha yao. Iliyofutika uso ni L, iliyovunjika pembe ni K. Hizi za simu zote ni nzima, zote zinafanana, nitazijuaje?

Twiga wa kwanza, mimi wa pili. Anakwenda kusimamia nyumba yake iezekwe. Alikwenda mwaka jana kusimamia kuta! Mwakani atakwenda kusimamia mapazia!

Mke wangu kauliza aanze kuwaambia watu nakuja, au angoje. Nikamwambia aanze, mambo yamekaa vizuri.

Jumatatu, 10 Novemba

Mungu si Athumani. Asubuhi nimemwona Twiga kwa macho yangu amekaa kwenye kompyuta mpya, amefungua akaunti yake. Lori likaingia, akaitwa kupakua, akatoka mbio. Ofisini hakuna mtu. Mwalimu yuko nje anamfundisha mlinzi. Nikakaa.

Nikaandika kwenye ukurasa wa likizo, taratibu, kwa ufasaha: Mimi Twiga naahirisha likizo yangu kwa hiari yangu mwenyewe na kwa upendo. Nafasi yangu apewe mwenzangu Profesa, mtu mwenye subira na bidii, ambaye kwa kweli sijawahi kumtendea haki.

Hiyo ya mwisho ilinijia tu. Nilipoisoma nusura nilie.

Nikatoka nje kama mtu asiye na habari. Uani kila mtu kashika simu, kila mtu anacheka, mlinzi amekaa chini kabisa. Mwalimu akaja akanionyesha. Maneno yote yapo, mazuri vilevile, na kando yake ni mimi, katikati ya chafya! Twiga alifunga akaunti yake kabla ya kutoka. Mimi nilikuwa nimeiacha yangu wazi tangu Ijumaa, na mashine ikanirudisha kwangu. Nimetangaza kwa jina langu na uso wangu kwamba mimi ni Twiga!

Nikamwomba Mwalimu afute haraka. Akafuta. Halafu akaniambia usihangaike mzee wangu, hata yakifutwa yapo, huku hakipotei kitu, mtu anaweza kurudi nyuma akaona nani aliandika nini siku gani. Alisema kwa kunifariji!

Twiga akaja akanipa funguo za foklifti. Akasema maadamu yeye ni mimi na mimi ni yeye, basi nikamalizie lori, yeye amechoka, na mimi ni mtu wa bidii. Tajiri mlangoni akauliza kati ya Twiga hawa wawili ni yupi atakayefagia ua. Nimefagia ua.

Jumanne, 11 Novemba

Nitaeleza kwa utaratibu.

Mimi na Tajiri tumeishi miaka hii yote bila ugomvi, na siri yake ni Bibi. Moyo ukijaa, nilikuwa nafungua ukurasa mweupe, namwandikia Tajiri yote yaliyomo tumboni, bila kumwonea haya. Nikimaliza nayasoma mara mbili, kwa raha. Kisha nafunga. Bibi anauliza: tuhifadhi? Nasema hapana. Yanakwenda zake. Halafu naandika barua ya heshima: kwako Bosi, mimi mtumishi wako mtiifu. Tajiri ametukanwa na mimi mara nyingi sana na amelala usingizi wake vizuri. Hakuna aliyeumia.

Leo moyo umejaa. Mke wangu kapiga asubuhi. Mtoto amepigana na mtoto wa jirani. Walikuwa wanagombea simu, baba ni wa nani. Wa jirani kashinda, kwa sababu simu ni yao.

Kwa hiyo nikakaa kwenye kompyuta nyembamba, nikafungua ukurasa mweupe. Nikaanza kama kawaida kwa jina la Tajiri. Mashine ikauliza kama nataka kumjumuisha. Nikakubali. Barua ya Tajiri ambayo Tajiri hayumo ni barua gani?

Nikaandika. Nikamwambia mdomo wake ni mfuko wa saruji uliopasuka, siku nzima vumbi. Nikamwambia tumbo lake linafika kazini kabla yake na lingepaswa kusaini peke yake. Nikamwambia chai anayotupa, ukiweka gazeti chini ya glasi unalisoma lote. Nikanoga. Nikaendelea: wewe unalala na watoto wako nyumba moja, mimi nina mtoto sijamshika hata kidole, anaiamkia simu, jana kapigwa kwa ajili ya simu ambayo si yake, na wewe unanihesabisha vyoo. Hapo nilikuwa nagonga herufi kwa ngumi.

Katikati ya kuandika, pembeni juu kikatokea kiduara kidogo chenye kichwa cha Tajiri. Nikadhani ni stempu.

Nimemaliza. Nimesoma mara mbili. Nikatafuta kitufe cha kuhifadhi ili nikikatae. Hakipo! Juu hakipo, chini hakipo! Mashine haiulizi! Nitasemaje hapana kama hakuna anayeniuliza?

Ndipo chini ya maneno yangu yakaanza kutokea maneno mengine. Herufi moja moja. Zenyewe. Mikono yangu iko hewani!

Yakasema: Endelea. Ninasoma.

Nikang'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Nikashusha pumzi. Nikatoa simu mfukoni nione saa. Barua nzima imo ndani ya simu!

Jumatano, 12 Novemba

Nimeitwa. Nilikwenda na begi langu kabisa, kumpunguzia kazi.

Tajiri akaniambia kaa. Akaigeuza kompyuta, akasema nisomee kwa sauti yako. Nikasoma. Kwenye mfuko wa saruji sauti ikakauka, akanipa maji. Kwenye tumbo akajitazama kidogo. Kwenye chai akauliza ni kweli gazeti linasomeka? Nikasema, Bosi, si lote, vichwa vya habari tu.

Nilipofika kwa mtoto akaniambia basi.

Akafungua barua zangu zote za zamani. Kumbe Mwalimu alizihamisha nazo! Zote zinasema shughuli za kifamilia. Akauliza kwa nini siku zote shughuli za kifamilia. Nikamwambia barua ya heshima haitangazi mambo ya ndani. Akasema alidhani nina kesi ya kiwanja kama kila mtu. Akauliza mtoto amefanana na nani. Nikasema wanasema mimi, sijui. Akageuza kiti akatazama dirishani muda mrefu, na dirishani hakuna kitu, kuna ukuta.

Akamwita Twiga. Akamwambia wewe ulikwenda mwaka jana. Nikajiandaa kwa vita. Twiga akajikuna kidevu, akasema Bosi, mpe tu huyu bwana aende, nyumba yangu haiamkii simu. Nilipigwa na butwaa. Twiga!

Wiki mbili! Kuanzia jioni ya Ijumaa, tarehe 12 Desemba! Imeandikwa kwenye ukurasa, rangi ya kijani, na uso wangu kando yake!

Halafu Tajiri akaninyooshea kidole mbele ya Twiga. Akasema hii ameisamehe kwa ajili ya mtoto, wala si kwa ajili yangu. Likija neno lingine la namna hii, hata moja, nafasi anachukua Twiga, na mimi nitahesabu vyoo mpaka vinijue kwa jina.

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia likizo imepita. Akauliza nani amekufa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefikiri kwa siku mbili. Wiki mbili ni nini? Safari inakula siku kwenda na siku kurudi. Mtoto atanikimbia wiki ya kwanza yote, kwa sababu hajazoea baba mwenye miguu. Ya pili ndiyo tutaanza kuongea, na mimi nafunga begi. Haifai. Nahitaji mwezi.

Niombeje? Nikarudi kwenye hesabu. Miaka yote hii nimeandika kwa heshima, mtumishi wako mtiifu: sikupata hata siku moja. Matusi yamemfikia mara moja tu: wiki mbili. Hata aliyeacha shule njiani anaiona hesabu hiyo. Barua ya pili ni wiki mbili nyingine!

Onyo la Tajiri? Lilikuwa la mbele ya watu. Twiga alikuwa amesimama pale, angesema nini? Mkubwa hawezi kukiri hadharani kwamba kutukanwa kumemgusa. Lakini mimi nilimwona alipogeukia ukuta. Mtu anayegeukia ukuta ameshalainika, anangoja kusukumwa kidogo.

Basi leo nimeandika. Sikujificha kwenye ukurasa mweupe, nimeandika pale pale penye likizo, ili asihangaike kutafuta. Na nimeifanyia kazi. Tumbo nimeliacha, lilishasemwa. Nimeshughulikia anavyotembea, anavyoimba akidhani yuko peke yake, na lile shati la njano. Wakwe zake nimewagusa pia, kwa adabu. Mwisho nimeomba mwezi.

Mwalimu alipita nyuma yangu akasoma. Akaweka mkono mdomoni. Akauliza mzee wangu, hii umeshaituma? Nikamwambia binti yangu, huku hakuna kutuma, si wewe uliyetufundisha? Kila neno limeshafika likiwa bado la moto! Akakaa juu ya boksi la masinki. Mwalimu yeyote hufurahi mwanafunzi akielewa.

Kiduara chenye kichwa cha Tajiri kimetokea zamani, kiko pale pale pembeni. Hakiandiki kitu. Anasoma taratibu, hataki imwishie.

Sasa hivi Twiga ameitwa ofisini kwake kwa haraka. Alipopita dirishani amenitazama, akatikisa kichwa, akaenda. Masikini, ndiyo anaambiwa atahesabu vyoo mwezi mzima peke yake. Nitamletea zawadi.

Nimempigia mke wangu, nimemwambia asiseme tena wiki mbili, aseme mwezi, na majirani wasikie. Natoka Ijumaa ya tarehe 12 kazi ikiisha. Jumamosi, tarehe 13 Desemba, kabla ya chakula cha mchana niko mlangoni. Waniwekee sahani.